SERIKALI HUPITA, SHAMBA HUBAKI

Katika matawi yetu ya Unguja na Pemba pamezuka usemi ambao yatupasa tuutolee kauli kabla haujawa ada. Yasemwa kwamba siku chama chetu kitakaposhika madaraka, kazi ya kwanza itakuwa kufuta kila lililofanywa na hawa waliopo: mipango yao, mashirika yao, na hata mawe ya msingi yaliyochongwa majina yao. Wasemao hivyo wasema kwa uchungu, na uchungu wao twaujua kwa kuwa ni wetu sote. Lakini twasema wazi, na twasema mapema, kwamba hiyo si siasa ya chama hiki, wala haifai kuwa. Hayo ndiyo maradhi yale yale ambayo tumeyalalamikia miaka yote, na mgonjwa hawezi kupona kwa kubadilishiwa tabibu ilhali dawa ni ile ile iliyomdhuru.

Maradhi yenyewe ni haya. Katika visiwa vyetu maendeleo ya wilaya hayana mizizi katika wilaya, wala ya kijiji katika kijiji. Mizizi yake iko juu ya meza ya mkubwa aliyepo. Akiondoka mkubwa, mpango huondoka naye; ajaye huja na wake, wenye jina jipya na kitabu kipya, na mwananchi huanzishwa tena kwa alifu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zama za Mwingereza, ndivyo ilivyokuwa baada ya Mapinduzi, na ndivyo ilivyokuwa tangu viliporudi vyama vingi mwaka 1992.

Tuchukue mfano wa mkarafuu, kwa kuwa hapana mwanachama asiyeujua. Mche huleleka kitaluni kwa muda mrefu kabla ya kupelekwa shamba. Ukishapandwa hungojewa miaka 6 hadi 8 ndipo uchumwe kwa mara ya kwanza, na haufiki ukamilifu wa kuzaa mpaka upate miaka 15 au 20. Ukitunzwa vyema utamzika aliyeupanda na utamlisha mjukuu wake. Serikali, kwa mujibu wa Katiba, huchaguliwa kwa miaka 5. Basi mkulima apandaye chini ya serikali moja atachuma chini ya serikali ya pili, na mti wake utakapokuwa katika nguvu zake huenda ikawa ni serikali ya nne. Ikiwa kila mmoja katika hao wanne atakuja na bei yake, mnunuzi wake na siasa yake ya ardhi, ni mwendawazimu gani atakayepanda?

Na tuitazame historia ya zao hili, si kwa kumtukuza mtu wala kumlaani, bali tuone namna kila utawala ulivyolishika kwa mkono wake.

Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu la nchi hii. Fedha za mazao ya Pemba zikaendesha serikali iliyokaa Unguja. Chini ya Himaya ya Kiingereza wakulima wengi walizama katika madeni. Mwaka 1927 ikaundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1934 zikatungwa amri za kuipa jumuiya hiyo madaraka makubwa, na mwaka 1937 biashara ya ununuzi ikatiwa mkononi mwake. Wafanyabiashara wakagoma, karafuu zetu zikasusiwa India, na nchi ikayumba mpaka yalipopatikana maafikiano mwaka 1938. Angalieni jambo moja. Katika mabishano hayo yote baina ya wakubwa wa serikali na wakubwa wa biashara, mkulima mdogo wa Wete hakuwa na kiti. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalileta utawala mwengine na fikra nyengine. Ardhi ikawa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 zikagawiwa eka tatu tatu kwa zaidi ya familia 20,000. Wako wazee wetu waliofurahi siku hiyo, na furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini aliyepewa eka tatu alipewa matumizi, hakupewa milki. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, nalo likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Katika miaka ya 1970, bei ya dunia ilipopanda, karafuu zilileta zaidi ya sehemu 9 katika 10 za fedha za kigeni za visiwa hivi. Mkulima alilipwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo. Shamba lililotoa fedha halikurudishiwa mbolea wala mche, na mikarafuu ikazeeka ikisimama. Mkulima aliyeona bei ya Mombasa inazidi ile ya kituo cha kijijini kwake akapakia magunia yake usiku katika mashua. Serikali ikajibu kwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, ambacho kila mvuvi akijua. Penye haja ya bei njema ikapelekwa boti ya doria.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakibadilika mbali na kwetu. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara. Nchi hiyo ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikawa yajitosheleza, na bei ikaanguka kwa kishindo. Hapo serikali yetu ikageuka tena. Mwaka 1984 milango ya biashara ya nje ikaanza kufunguliwa. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kulinda vitega uchumi. Utalii ukawa ndio tegemeo jipya. Sisi hatukatai kwamba nchi ilihitaji mlango mwengine wa riziki. Twauliza tu: ulifunguliwa wapi? Nungwi, Kiwengwa na Paje zilipata mahoteli. Pemba, iliyobeba mzigo wa hazina kwa takriban miaka 100, ilipata mahoteli ya kuhesabika kwa vidole. Tegemeo la zamani liliachwa kabla jipya halijavuka mkondo wa Pemba.

Mwaka 1992 yakatangazwa maeneo huru ya uchumi, Fumba kwa Unguja na Micheweni kwa Pemba. Ramani zilichorwa, hotuba zilisomwa, na watu wa Micheweni waliambiwa wangojee viwanda. Fumba baada ya miaka mingi iliona majumba yakipanda. Micheweni ilikaa kwa zaidi ya miaka 20 bila ya viwanda vilivyoahidiwa. Kijana aliyezaliwa mwaka wa tangazo lile alimaliza skuli, akaoa, akapanda meli kwenda Unguja au Dar es Salaam kutafuta kibarua, na ile ahadi bado ingali karatasini. Awamu moja ya serikali iliahidi, ya pili ikarithi ahadi bila ya kujiona kuwa yadaiwa, na ya tatu ikaanza mazungumzo mengine.

Tangu mwaka 2000 mambo yamekuwa ya vitabu. Ilitolewa Dira ya 2020. Mwaka 2002 ukafuata mpango wa kupunguza umaskini. Mwaka 2007 ukaja mkakati ulioitwa MKUZA, ukafuatiwa na wa pili mwaka 2010 na wa tatu mwaka 2016. Ikaja Dira ya 2050. Serikali iliyoingia mwishoni mwa 2020 ikaleta neno la uchumi wa buluu na ikaliundia wizara. Katika vitabu hivyo mna maneno mengi mazuri, na wengine katika sisi tuliitwa kuyachangia. Lakini mvuvi wa Kojani na mkulima wa mwani hawana njia ya kisheria ya kuuliza: lile mliloliandika kwa wilaya yetu katika kitabu kilichopita limefikia wapi? Kila kitabu huanza kana kwamba kabla yake palikuwa patupu.

Uadilifu watutaka tuseme na mema. Mwaka 2010 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba, kwa msaada wa Norway. Kazi hiyo ilisimamiwa na awamu moja ikaja kutumiwa na awamu nyengine, wala hapana aliyeukata waya kwa sababu si yeye aliyeutandika. Mwaka 2011 bei ya karafuu ilipandishwa sana, na serikali ikasema mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wakulima wakarudi kuyafyeka mashamba yao, na aliyepata malipo ya haki nyumbani hakuona haja ya kuhatarisha roho yake baharini usiku. Lilikuwa ni jambo jema, na chama hiki hakioni haya kulikiri.

Hata hivyo, hapo ndipo penye hoja yetu. Kiwango kile kilitokana na nia ya serikali iliyokuwapo. Lililoletwa na nia ya mkubwa laweza kuondolewa na nia ya mkubwa mwengine, na mkulima hana mahali pa kusimama aseme kwamba hii ni haki yangu. Atapongeza au atanung'unika, basi. Hiyo si hali ya raia. Ni hali ya mgeni anayengoja kukaribishwa.

Matunda ya kuyumba huku yaonekana katika hesabu za serikali yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar, na kati yao zaidi ya 540,000 ni wa Pemba. Uchunguzi wa matumizi ya kaya, kila ulipofanywa katika miaka ya karibuni, umeonyesha umaskini wa Pemba kuwa mkubwa kuliko wa Unguja kwa tofauti kubwa, na Micheweni kuwa katika wilaya zilizo nyuma kabisa. Kisiwa kilicholisha hazina kwa vizazi vitatu ndicho kilicho maskini. Sababu si uvivu wa watu wala ubaya wa udongo. Ardhi ya Pemba ni ile ile, mvua ni ile ile. Kilichobadilika mara kwa mara ni amri kutoka mjini.

Kwa nini amri hubadilika bila ya kuzuiwa? Kwa sababu huku chini hapana chombo chenye fedha na nguvu za kusema ngoja. Baada ya Mapinduzi, kazi za mitaa zilikwenda kwa chama na kwa watumishi wa serikali kuu. Katiba ya 1984 ilizitaja serikali za mitaa, na sheria za mwaka 1986 na 1995 zikaunda mabaraza. Mwaka 2014 ikatungwa sheria mpya, na mwaka 2017 ukaanzishwa ugatuzi wa elimu ya msingi, afya ya msingi na huduma za kilimo. Haya yote yalikuwa hatua. Lakini mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ni wateule wa Rais, na sheha ni mteule wa mkuu wa mkoa. Diwani aliyechaguliwa na watu hukaa chini ya kivuli cha watu wasiochaguliwa. Kodi kubwa kubwa hukusanywa na serikali kuu, na baraza hubaki na ada za masoko, leseni na takataka, kisha hungojea ruzuku. Asiyeshika mfuko hashiki mpango.

Jambo hili si la visiwa peke yake. Tukiwatazama jirani zetu twapata mafunzo mawili, moja la kutahadhari na moja la kuiga.

La kutahadhari liko Bara. Mwaka 1972 serikali ilitangaza Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilivunjwa, na madaraka yaliyopelekwa mikoani yalipelekwa kwa maofisa. Mwaka 1976 vikavunjwa vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima wa kahawa na pamba walikuwa wamevijenga kwa jasho lao tangu zama za ukoloni. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha halmashauri na za kurudisha ushirika. Miaka michache ikatosha kubomoa. Kurudisha ujuzi, mali na imani ya wakulima kukawa kazi ya miaka mingi. Na hata baada ya hapo yumbayumba haikwisha: mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo uliondolewa mikononi mwa halmashauri ukapelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaunganishwa na ununuzi wa umeme. Yawezekana kila badiliko lilikuwa na sababu yake. Lakini halmashauri iliyokuwa imepanga kujenga soko kwa kodi ile ilipanga juu ya mchanga.

La kuiga liko Kenya, ingawa nao walilipata kwa gharama. Walipata uhuru Desemba 1963, mwezi ule ule tulioupata sisi, wakiwa na Katiba ya majimbo. Chama cha KADU, kilichoyatetea majimbo, kilijivunja Novemba 1964 kikaingia katika chama tawala, na madaraka ya majimbo yakabomolewa. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua na njia, ambapo faida itapatikana upesi. Pwani na nchi kavu za kaskazini zikaambiwa zingojee. Mwaka 1983 serikali ya Rais Moi ikaleta mpango wa kutilia mkazo wilaya. Mwaka 2003 serikali ya Rais Kibaki ikaleta mfuko wa maendeleo ya maeneo ya ubunge. Kila aliyeingia alikuwa na lake. Ndipo katika Katiba ya mwaka 2010 wananchi wakaandika kaunti 47, na wakaandika kwamba kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wakaongeza mfuko wa kusawazisha, wa nusu ya asilimia 1 ya mapato, kwa sehemu zilizoachwa nyuma.

Hatusemi Kenya ni pepo. Fedha za kaunti huchelewa, na wako magavana waliofikishwa mahakamani kwa tuhuma za ubadhirifu. Lakini mwaka 2022 alitoka Rais mmoja akaingia mwengine, na kaunti hazikufutwa. Lamu, ambayo ni visiwa kama sisi na wasemao lugha kama yetu, haikulazimika kwenda kumpigia goti aliyeingia ili ibakiwe na serikali yake. Haki yake ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Na wako wenye kudhani kwamba kuyumba huku ni kwa nchi changa na maskini tu. Wautazame Uingereza, uliotutawala. Kwa sheria ya mwaka 1998 serikali ya chama cha Labour iliunda mashirika 9 ya kuendeleza mikoa. Mwaka 2010 ikaingia serikali nyengine, na kufikia mwaka 2012 mashirika yote yalikuwa yamefungwa, na mahali pake pakawekwa ushirika mdogo mdogo wa wafanyabiashara na mabaraza, upatao 39. Mwaka 2024 fedha za serikali kwa vyombo hivyo nazo zikakatwa. Kwa hivyo utajiri na ukongwe wa Bunge si kinga. Kinga ni kuandika haki ya mitaa mahali ambapo mkono wa mtu mmoja hauifikii kwa wepesi.

Twajua watakalotujibu wengine, wakiwamo wa ndani ya chama. Watasema: serikali ikichaguliwa imepewa idhini na watu, na kuifunga isibadilishe ni kuinyima kura maana yake. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Chama kilichoshinda kina haki ya kuigeuza nchi kule kilikoahidi. Sisi wenyewe tutaidai haki hiyo. Lakini watu wa wilaya nao wamepiga kura, na baraza walilolichagua nalo lina idhini. Kubadilisha mpango wa wilaya bila ya kuwauliza ni kuiheshimu kura moja na kuitupa nyengine.

Watasema tena kwamba nchi ni ndogo, mapato ni madogo, na kuyagawa ni kuyapoteza. Sisi twasema udogo ndio unaotutaka tutahadhari zaidi. Nchi kubwa ikikosea katika mkoa mmoja ina mikoa 20 mengine. Sisi tukilikosea zao moja tumekikosea kisiwa kizima, kama tulivyokwisha kuona. Na watasema kwamba madiwani wataiba. Huenda wako watakaoiba. Mwizi hana ngazi. Lakini mwizi wa wilaya watu wake wajua nyumba yake na shamba lake, na hesabu zikibandikwa sokoni kila mwenye macho atazisoma. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hivyo twapendekeza mambo manne, na twataka yajadiliwe katika kila tawi kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza, sehemu maalumu ya mapato ya nchi iandikwe katika Katiba kuwa ni haki ya mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya, igawiwe kwa kanuni yenye kuzingatia idadi ya watu, umaskini na umbali. Ni asilimia ngapi, mkutano mkuu ndio utakaoamua. Tangu mabadiliko ya mwaka 2010 Katiba yetu ina vifungu ambavyo haviwezi kubadilishwa bila ya kura ya maoni. Kifungu hiki kitiwe miongoni mwa hivyo.

Pili, kiwango cha malipo ya mkulima wa karafuu kisiwe tena kauli ya jukwaani, bali kiwe sheria. Bei ya soko la dunia itangazwe kila msimu katika kila kituo cha ununuzi, kwa Kiswahili, karibu na mizani, ili mkulima aweze kupiga hesabu yake mwenyewe.

Tatu, kila wilaya iwe na mpango wake wa miaka 10 au zaidi, uliopitishwa na madiwani wake. Serikali mpya iwe na haki ya kutaka mabadiliko, lakini yasipite mpaka baraza la wilaya liyapigie kura mbele ya watu.

Nne, isiwe halali kwa serikali yoyote kuusimamisha mradi wa wilaya kabla ya kuchapisha taarifa yenye kueleza umekwisha gharimu nini, umebakia nini, na sababu ya kuusimamisha.

Sheria hizi zitatufunga sisi kabla ya kumfunga mwengine yeyote, na twalitaka hilo. Chama kidaicho sheria wakati kiko nje, kikazichukia kikiingia ndani, hakikuwa kikidai haki; kilikuwa kikingojea zamu. Ikiwa tutaikuta barabara iliyofika nusu, tutaimaliza, ijapokuwa jiwe lake lina jina la mpinzani wetu. Tukiukuta mradi uliojaa ulaghai tutausimamisha, lakini kwa taarifa iliyochapishwa na kwa kura ya wale unaowahusu. Aliyekerwa na jiwe na alikumbuke gari la wagonjwa litakalopita njia hiyo.

Na ipo kazi ambayo haingojei madaraka. Kila tawi na liteue watu wawili wajuao kusoma na kuandika, wapite katika shehia yao na waandike kila mradi ulioanzishwa ukaachwa: kisima, skuli, soko, gati, kitalu cha miche. Waandike mwaka ulioanza, serikali iliyouanza, kazi iliyofanyika, na sababu iliyotolewa uliposimama. Wasiandike uvumi; waandike lililoshuhudiwa na watu wenye kuaminika, na lisilojulikana sababu yake liandikwe hivyo hivyo. Orodha hizo ziletwe kwa makatibu wa wilaya kabla ya mkutano mkuu. Tutazipeleka kwa wawakilishi wetu wakaziulize barazani, na nakala tutaziweka katika ofisi ya chama. Siku Mungu akitupa madaraka, wananchi watakuja na orodha hizo hizo kutuuliza sisi, na tutapaswa kuwajibu.